Baba Aliyejifanya Kadhi
Katika filamu zinazosimulia habari za mzazi aliyetoka kulipiza kisasi cha mwanawe, sijaona iliyonishughulisha nafsi kama Mystic River, aliyoiongoza Clint Eastwood mwaka 2003 kutokana na riwaya ya Dennis Lehane. Kwani humo mtazamaji, akiisha kumhurumia Jimmy Markum, mwenye duka wa Boston aliyewahi kufungwa jela, kwa msiba wa binti yake Katie, aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 19, hulazimika kumwona mtu yuleyule akiwa mdai, kadhi na mwenye upanga kwa pamoja, naye hana ushahidi ila dhana. Dave Boyle, sahibu yake wa utotoni, aliyerudi nyumbani usiku wa msiba na damu mikononi, alikiri jinai asiyoitenda kwa kuwa Jimmy alimwahidi kumwachia roho yake, kisha akamuua papo hapo kando ya mto, ilhali usiku huohuo polisi walikuwa wakiwatia mkononi wauaji wa kweli. Sean Penn na Tim Robbins, walioigiza Jimmy na Dave, walitunukiwa Oscar, na walistahili. Lakini kwangu mimi kilele cha filamu si mauaji yale, bali ni maneno ya Annabeth, mama wa kambo wa Katie, ambaye, mumewe alipomkaribia akiwa nusura atubu, hakumlaumu hata chembe, ila alimtukuza kama sultani ambaye lolote alifanyalo kwa ajili ya wanawe ni halali. Na Brian Helgeland, aliyeandika mswada wa filamu, hakumleta askari wa kumtia Jimmy pingu.