Usinunue pikipiki ambayo huwezi kuifungua mwenyewe

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye mambo ya kompyuta, ingawa mtaona sijaenda mbali sana.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi hapa Nairobi amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili mjini Leicester, Uingereza. Mimi niliishi mji huo miaka miwili nikiandika programu. Juzi alikuja mezani kwangu na simu mkononi. "Kaka, hebu ona hii." Ilikuwa picha ya Honda RS125R, pikipiki ya mashindano ya sisi 125. Anajua kwamba nikiwa kule niliendesha kwenye viwanja vya mbio, naye anataka kufuata njia hiyo: kwanza siku za mazoezi, ambapo unalipa na kuingia uwanjani na pikipiki yako bila kushindana na mtu, kisha mbio za klabu. Akiba yake yote ya miaka mitatu iko tayari. Nilimwambia asiinunue, akanuna. Basi nieleze sababu kwa utulivu.

Kwanza, kwa nini injini ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanayoiita tu-stroki? Bodaboda za leo karibu zote ni za mipigo minne. Wengi wetu tuliijua mipigo miwili kupitia Yamaha AG100 na DT125, zile zilizoacha moshi wa samawati nyuma yake. Injini ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Ya mipigo miwili huchoma kila mzunguko. Pia haina kamshafti wala vali zile za juu ya pistoni. Kwa hiyo injini ndogo hutoa nguvu nyingi, na mtu mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua hadi pistoni juu ya meza kwa jioni moja.

Inafundisha pia. Nguvu zake ziko kwenye sehemu nyembamba. Kwa hizi za sisi 125 ni kati ya mizunguko kama 8,000 na 11,000 kwa dakika. Ukiingia kwenye kona na gia isiyofaa, pikipiki inalala usingizi na huna cha kufanya ila kungoja. Mwenye sisi 1000 hufuta kosa lake kwa kuvuta mafuta. Wewe unalibeba kosa lako hadi kona inayofuata.

Sasa tuje kwa ile Honda. Hoja ya kijana si ya kipuuzi. RS125R iliundwa kwa mashindano tu: ina uzito wa takriban kilo 70 na nguvu za farasi zaidi ya 40. Haina taa za kuvua wala cha kurekebisha ili ikubaliwe kwenye mbio. Kwa nini, aliniuliza, anunue pikipiki ya barabarani kama Aprilia RS125, yenye nguvu za farasi takriban 30 na uzito unaozidi kilo 110, halafu atumie pesa tena kuigeuza?

Jibu langu ni hesabu. Pikipiki ya mashindano iliundwa kwa mbio fupi, na pistoni yake hubadilishwa baada ya kilometa mia chache. Siku moja ya mazoezi huwa na vipindi sita au saba vya dakika 20 hivi. Ukiendesha vyote unaweza kufika kilometa 200. Maana yake, baada ya siku mbili au tatu unafungua injini, upende usipende. Mhandisi mwenye timu hilo halimsumbui. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja, asiye na gereji, ataahirisha mara moja, kisha mara ya pili.

Najua ataahirisha kwa sababu mimi niliahirisha.

Pikipiki yangu ya kwanza kule niliipima vizuri mwezi Agosti, siku ya joto, nikaweka jeti ya kabureta iliyofaa. Mwezi Aprili uliofuata nikaipeleka Cadwell Park, uwanja mwembamba wa kilometa 3.5 huko Lincolnshire. Asubuhi ilikuwa nyuzi 5. Hewa ya nyuzi 5 ni nzito kuliko ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo inahitaji petroli zaidi, yaani jeti kubwa zaidi. Na katika mipigo miwili petroli ndiyo inayobeba oili na kupoza pistoni. Nilijua hayo yote. Jeti zilikuwa mfukoni. Nikasema, acha nimalize kipindi cha kwanza kwanza.

Pistoni iliganda ndani ya silinda nikiwa kwenye sehemu iliyonyooka, gurudumu la nyuma likafunga. Mzee mmoja alikuwa amenionya niweke vidole viwili kwenye klachi wakati wote. Nilivuta, lakini nilichelewa. Nilivunjika mfupa wa bega na nikakaa wiki sita nikiandika programu kwa mkono mmoja. Mama yangu huko Machakos alidhani nina mafua, maana kwenye simu nilificha. Mpaka leo sijafurahia uongo huo.

Silinda nayo ilikuwa na somo lake. Fundi wa hapa kwetu hupanua silinda ya chuma na kuweka pistoni kubwa kidogo, maisha yanaendelea. Lakini silinda nyingi za hizi 125 za mbio, pamoja na ya Aprilia, ni za alumini iliyopakwa tabaka gumu la nikeli. Likikwaruzika sana, lazima lipakwe upya na wataalamu, na kazi hiyo si ya bei ya gereji.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: anza na Aprilia RS125 ya mipigo miwili. Honda NSR125 si mbaya, ila kwa mbio utaitafutia nguvu mapema. Cagiva Mito ni nzuri, na Valentino Rossi alishindania Mito katika mbio za Italia mwaka 1993 na 1994, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba pikipiki ya barabarani haifundishi. Kwangu mimi RS125 inashinda kwa spea na kwa maarifa ya watu wengi walioifungua kabla yako. Ukitafuta, angalia mwaka: jina hilo lilirudi baadaye kwenye pikipiki ya mipigo minne.

Na kabla hujatoa pesa:

1. Uliza daftari la matengenezo. Asiyejua pistoni ilibadilishwa lini anakuuzia pikipiki inayodai pistoni. Punguza bei ipasavyo.

2. Uliza kama imefungwa vizuizi. Nyingi ziliuzwa kwa madereva wanafunzi zikiwa zimebanwa hadi nguvu za farasi 15 hivi.

3. Gawa akiba yako. Nusu iende kwenye pikipiki. Nusu nyingine ni ya suti ya ngozi, helmeti, tairi na kufungua injini kabla ya kuingia uwanjani, hata muuzaji akiapa.

4. Soma kanuni za daraja unalolitaka na masharti ya leseni ya ACU, chama kinachosimamia mbio hizo Uingereza, kabla ya kununua chochote.

5. Andika kila kitu: saa za injini, nyuzi za joto, jeti, rangi ya plagi. Mimi sasa nina programu ndogo inayokataa kufunga siku mpaka nijaze. Sisi waandishi wa programu tunahubiri kuweka nakala rudufu na kumbukumbu, halafu tunaendesha injini kwa kukisia.

Kijana wangu, najua unasoma. Kaa na Aprilia mwaka mmoja. Siku utakayobadilisha pistoni bila kunipigia simu, nunua hiyo Honda. Haina stata wala kiki, huwashwa kwa kusukumwa. Nikipata likizo nitakuja nikusukume mwenyewe.