Usione Vyaelea: Nani Hulipa Kodi ya Nishati?

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Kauli hii yafaa kukumbukwa kila jedwali la kodi linapofunguliwa. Katika takwimu za Umoja wa Ulaya, mapato ya kodi za mafuta, gesi, umeme na kaboni hugawanywa kulingana na sekta iliyozilipa. Mojawapo ya sekta hizo ni ya shughuli za kitaalamu, kisayansi na kiufundi. Humo wamo mawakili, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi washauri na, jambo ambalo huenda likamshangaza mwanafunzi wa Kiswahili, wafasiri na wakalimani.

Aghalabu nchi hulinganishwa kana kwamba palipo na mapato makubwa ndipo penye matumizi makubwa ya nishati. Huo ni upotovu. Nchini Denmark, kwa miaka mingi, kampuni zilizosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani zilirejeshewa sehemu kubwa ya kodi ya umeme zilioutumia kazini. Hata hivyo, kiambatisho cha sheria kilitaja kazi zilizonyimwa haki hiyo, zikiwemo uwakili, uhasibu, usanifu majengo, matangazo na uhandisi wa ushauri. Seremala na wakili waliopanga jengo moja, wakitumia umeme ule ule, hawakubeba mzigo mmoja. Orodha hiyo ilifutwa tarehe 1 Januari 2023. Basi mapato kutoka kwa mawakili yakipungua baada ya hapo, asidhani mtu kwamba wamezima taa. Kilichozimwa ni orodha ya maneno.

Ujerumani nayo, mwaka 2024, ilishusha kodi ya umeme wa viwanda hadi yuro 0.50 kwa kila megawati-saa, ilhali ofisi za huduma zilibakia kwenye yuro 20.50. Mfasiri mwenye tarakilishi moja hutozwa kiwango kinachozidi cha kiwanda mara 41.

Watetezi wa nafuu hii hudai kuwa viwanda hushindana na vya ng'ambo na vyaweza kuhama. Hoja hiyo ina uzito kwa kiwanda cha chuma, ambacho umeme ni sehemu kubwa ya gharama zake. Haina uzito kwa kila karakana iitwayo kiwanda. Nafuu ya haki hupimwa kwa uzito wa mzigo, si kwa jina la kazi. Vivyo hivyo, jedwali la haki lingeonyesha bega kwa bega kodi iliyolipwa, nishati iliyotumika na nafuu iliyotolewa.

Hapa ndipo wanalugha wanapohusika. Neno moja katika kiambatisho liliamua nani alipe na nani arejeshewe. Anayesoma tarakimu pasi na kuuliza maana ya maneno yaliyoziunda amesoma nusu tu ya habari.