Kolwezi: Mji wa shaba, lakini muziki wa magari unafungwa kwa waya wa aluminyumu

Kila siku malori yenye kubeba shaba yanatoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 RDC ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa nchi ya pili duniani nyuma ya Chile, na sehemu kubwa ilitoka hapa Lualaba. Karibu yote inaondoka bila kugeuzwa waya. Kisha mwenye taksi wa Dilala ao wa Manika anayetaka kufunga muziki mkubwa ndani ya gari lake anaingia dukani na kununua waya uliotoka ng'ambo, wenye ngozi ya shaba inje na aluminyumu ndani. Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu, kama lisingeweza kuchoma gari pamoja na watu waliomo.

Muziki wenyewe si kosa. Taksi yenye sauti nzuri inapata wateja. Gari la matangazo linahitaji kusikika, na hata magari ya harusi na ya kampeni za injili yanabeba spika kubwa. Kosa liko kwenye njia ambayo umeme unapita kutoka batri mpaka ampli, na kurudi. Njia hiyo imefichwa chini ya zulia na viti, kwa hiyo mnunuzi anaangalia spika na taa za rangi, na waya anauacha kwa fundi. Fundi naye ameambiwa apunguze bei, basi anaipunguza mahali pasipoonekana.

Hesabu yake si ngumu. Maandishi ya «wati 3000» yaliyo kwenye boksi hayafai kuaminiwa. Ukweli wa ampli unaonekana kwenye fyuzi zake, ao fusible kama mafundi wanavyosema. Ampli yenye fyuzi moja ya amperi 30 haiwezi kuvuta kwa muda zaidi ya amperi 30. Injini ikiwaka, umeme wa gari unafika karibu volti 14, na 30 mara 14 ni wati 420 tu zinazoingia, bado hazijapungua kwa joto la ampli yenyewe. Hizo wati 3000 zitatoka wapi? Ampli yenye fyuzi mbili za 25 inaweza kuvuta amperi 50, ni kusema wati 700 zinazoingia, na ikiwa ni ya aina nzuri ya D itatoa karibu wati 500 kwa spika.

Amperi 50 si mchezo. Nyumbani, waya wa milimita 2,5 za mraba unaotumika kwa prizi unalindwa kwa kawaida na kikata umeme cha amperi 16 ao 20. Lakini kuna magari ambamo waya huohuo wa nyumba ndio umevutwa kutoka batri mpaka nyuma, mita 5, kulisha ampli. Amperi 50 zikipita humo, karibu volti 1,7 zinapotea njiani, na wati 86 zinageuka joto ndani ya waya uliofunikwa na zulia. Hilo ni joto la taa kubwa ya zamani, ile isiyoshikika kwa mkono, limelazwa chini ya miguu ya abiria. Ni kweli, muziki hauvuti nguvu hiyo kila sekunde. Lakini besi ikipigwa saa nzima kwenye foleni na jua la Oktoba, waya hauna wakati wa kupoa.

Kwa ampli ya namna hiyo, waya wa shaba wa milimita 16 za mraba unatosha: unapoteza chini ya volti 0,3. Hapo ndipo aluminyumu inaleta shida. Aluminyumu inapitisha umeme kwa kadiri ya asilimia 60 hivi ya shaba. Waya wa aluminyumu uliopakwa ngozi ya shaba unazidi hapo kidogo tu. Kwa unene uleule, unapata joto zaidi na unapoteza volti zaidi. Pia nyuzi zake zinakatika upesi zikikunjwakunjwa, na zikibanwa na skrubu zinalegea baada ya muda. Kwenye barabara zetu za mashimo, kulegea ni jambo la wiki chache.

Waya huo si haramu. Ukiuzwa kwa jina lake, kwa bei yake, na ukifungwa mnene zaidi ya ule wa shaba, unaweza kufanya kazi. Watengenezaji waaminifu wanaandika juu yake herufi CCA. Ubaya ni kuuuza kama shaba kamili, ao kuufunika kwa plastiki nene ili waya mwembamba uonekane kama wa milimita 16. Na kwa udanganyifu huo, mtu wa Kolwezi hana sababu ya kukamatwa kama mgeni. Huu ni mji uliokuwa ndani ya jimbo ambalo kuanzia 1971 mpaka 1997 liliitwa Shaba. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu wa aluminyumu ya ukubwa uleule, basi kwanza waya upimwe kwa mkono. Kisha nyuzi chache zikwaruzwe kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, lakini waya wa kupakwa unaonyesha weupe palepale. Muuzaji anayekataa kisu amekwisha kujibu.

Hata waya mzuri hauokoi gari lisilo na fyuzi karibu na batri. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Wengi wanasema: ampli ina fyuzi zake, ya pili ni ya kazi gani? Fyuzi ya ampli inalinda ampli. Waya wa mita 5 ulio kati ya batri na ampli hauna mlinzi. Waya huo ukikwaruzwa na bati mahali unapopita kutoka kwa injini kuingia ndani, ukagusa mwili wa gari, batri inamwaga mamia ya amperi kwa mara moja. Plastiki inashika moto kabla dereva hajapata mahali pa kusimama. Fyuzi inapaswa kukaa ndani ya sentimita 45 kutoka batri, ikiwa karibu zaidi ni bora, na namba yake isipite uwezo wa waya. Tundu la kupitishia waya livikwe mpira. Na fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa msumari ao kwa karatasi ya sigara, kwa sababu hapo waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi. Katika mji ambamo magari mengi yanabeba bidoni za mafuta yaliyonunuliwa kwa wale wanaoitwa Kadhafi, cheche moja haimalizikii kwenye zulia.

Upande wa pili ni masse, ambayo watu wengi wanaidharau. Amperi 50 zinazokwenda kwa ampli lazima zirudi zote 50. Waya mnene wa kwenda na mwembamba wa kurudi ni sawa na mto mkubwa uliofungwa mdomo. Waya wa masse uwe wa unene uleule, uwe mfupi, karibu nusu mita, na ufungwe kwa bolti kwenye bati la mwili wa gari, mahali palipokwaruzwa rangi mpaka chuma kinang'aa. Kisha pafunikwe kwa mafuta mazito ao rangi, la sivyo vumbi nyekundu na mvua ya Desemba vitaleta kutu. Bolti ya mkanda wa kiti iachwe, kazi yake ni kushika mtu. Waya wa kiwandani unaounganisha batri na mwili wa gari nao uangaliwe: magari mengi yanafika hapa yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, na waya huo mara nyingi umekwisha kuliwa na kutu. Ile kelele inayopanda na kushuka pamoja na injini, ambayo watu wanailaumu redio, mara nyingi ni masse mbaya inayolia.

Mafundi wana jibu lao, na si jibu la kupuuza: mteja hana feza. Waya wa shaba ya kweli, kishika fyuzi na vichwa vya waya vinaomba feza ambayo mwenye taksi anaona ni ya mafuta ya siku kadhaa. Lakini mteja huyohuyo amepata feza ya ampli na ya spika mbili. Kama feza ni kidogo, kipunguzwe kile kinachopiga kelele, si kile kinacholinda. Ampli ndogo yenye waya wa kweli inapiga vizuri kuliko kubwa iliyokosa volti, ambayo sauti yake inakatika kila besi inapoingia na taa za mbele zinafifia.

Kuna pia njia ya mkato inayopaswa kukataliwa waziwazi. Waya wa shaba mnene unaouzwa gizani kwa bei ya kutupa, bila duka na bila risiti, unaweza kuwa umekatwa kwenye laini ya SNEL. Wizi wa waya hizo umeacha mitaa mizima bila umeme, na wezi wengine wamekufa wakikata. Muziki wa gari moja haufai kulipwa kwa giza la majirani.

Wajibu hauko kwa dereva peke yake. Bidhaa zinazoingia nchini zinapaswa kupita kwa OCC, ofisi ya serikali yenye kazi ya kukagua ubora wake. Kwaruzo la kisu na mizani ndogo vinatosha kujua kama waya ni ule ulioandikwa kwenye boksi. Unaodanganya jina lake urudishwe, na unaosema ukweli uingie. INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha ufundi, inaweza kuwapa vijana wa karakana mafunzo ya siku chache juu ya umeme wa gari, kwa sababu wengi wamejifunza kwa kuangalia tu. Na chama cha madereva kinaweza kuweka sheria moja nyepesi: hakuna taksi yenye ampli bila fyuzi kwenye batri. Kuangalia hilo ni kufungua boneti tu.

Kujenga viwanda vya waya hapa Lualaba kutaomba umeme wa kutosha, mitaji na miaka, na mjadala huo ni wa wakubwa. Lakini mita 5 za waya wa kweli, fyuzi moja na bolti moja iliyokwaruzwa vizuri havisubiri mkutano wowote. Abiria anayeingia kwenye taksi asubuhi kwenda kazini haoni kilichomo chini ya zulia. Aliyekifunga anajua, na aliyelipa anajua.