Bati la Shule Lipimwe kwa Unene, Si kwa Mng'aro

Katika vijiji vingi vya Tanzania, dalili ya kwanza ya maendeleo inayoonekana kutoka mbali ni mng'aro wa bati. Shule, zahanati na ofisi ya kijiji hutambulikana kwa mapaa yake. Hapana kosa katika jambo hilo. Nyasi na makuti huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, tena hushika moto kwa urahisi. Bati limewapunguzia wananchi adha hiyo. Lakini mng'aro si ubora, na kila mtumishi aliyekabidhiwa fedha za ujenzi wa umma hana budi kulitambua hilo.

Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamikia tabia ya watu kukataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, huku wakingojea saruji na bati. Onyo lile lililenga kasumba ya kukithamini kitu kwa jina lake bila kuipima kazi yake. Leo kasumba hiyo imebadili sura: watu huridhika kwamba shule imeezekwa bati, wala hawaulizi ni bati gani.

Bati la kawaida ni bamba jembamba la chuma lililovikwa utando wa zinki. Chuma kikiachwa wazi huliwa na kutu upesi. Zinki hujitoa mhanga kwa ajili yake: hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kandokando ndiyo huliwa kwanza. Utando huo ukiisha, ulinzi umekwisha. Basi umri wa paa hutegemea sana unene wa chuma na wingi wa zinki, na mambo hayo mawili hayatambulikani kwa jicho. Siku linapotoka dukani, bati hafifu hung'aa sawa na bati imara.

Unene hutajwa kwa geji, na hesabu yake huenda kinyume: namba ikizidi kuwa kubwa, bati huzidi kuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Ofisa asiyelijua hilo aweza kuamini kwamba amenunua bati lililo bora, kumbe ameuziwa lililo hafifu.

Mwaka 2021 Serikali ilianza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa mpango mmoja, na katika vijiji vingi wananchi wamezoea kuchangia ujenzi wa shule kwa fedha na kwa nguvu zao. Kazi kubwa namna hiyo yastahili kulindwa. Paa likitoboka kabla ya wakati wake, mvua huharibu dari, madawati na vitabu. Masomo husimama, na wazazi huombwa kuchanga tena. Anayenunua bati hafifu kwa kisingizio cha kubana matumizi huwatoza wananchi mara mbili kwa paa moja. Naye anayelipa bei ya bati nene akapokea jembamba, huyo ni mwizi wa jasho lao.

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha nyingi. Geji iandikwe wazi katika hati ya manunuzi, na siku ya kupokea mzigo bati lipimwe mbele ya mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mabati yasirundikwe yakiwa na unyevu, kwani huota unga mweupe, nao ni zinki inayoliwa hata kabla ya fundi kupanda juu. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Katika shule za pwani, ambako upepo huja na chumvi, uangalifu uwe mkubwa zaidi.

Paa imara lina faida nyingine ambayo shule nyingi huiachia ardhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Hata sehemu yake ikipotea, mifereji na tangi vyaweza kuwapunguzia wanafunzi safari za kisimani.

Walimu na watumishi wa vijijini ndio macho ya umma katika ujenzi huu. Bati likishapigwa misumari haliwezi kurudishwa dukani. Wakati wa kuuliza ni pale mzigo ungali chini, kabla hati ya mapokezi haijatiwa saini.