Tumemsoma Maathai, Tukawasahau Majirani Zake

Nina ugomvi na namna tunavyosoma vitabu vya wanaharakati wetu. Tukimaliza Unbowed ya Wangari Maathai, iliyotoka mwaka 2006, tunakimbilia sifa: shujaa, mama wa chuma, mshindi wa Nobeli 2004. Haya, sifa anazistahili. Lakini jamani, kitabu tumekisoma au tumeangalia jalada?

Maana mle ndani kuna jambo kubwa kuliko ushujaa. Maofisa misitu walipokuja kuwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche, walianza na mwinuko wa ardhi, kina cha udongo na vifaa maalumu. Somo likawa zito bila sababu. Maathai akawaambia akina mama watumie akili ileile wanayotumia kupanda mahindi na maharage. Wakaenda, wakaotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Aliyefanikiwa akamwonyesha jirani, kikundi kikakifundisha kikundi cha kijiji cha pili. Ndiyo wakaitwa maofisa misitu wasio na diploma. Jina hilo si mzaha, ni hoja: ujuzi si lazima ushuke kutoka juu kama mvua. Unaweza kupita uani, kama kaa la moto unaloomba kwa jirani.

Na Tanzania tulilijua hilo mapema. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana wenyewe: choo tuchimbe wapi, madimbwi tuyafukie lini? Wakatoka na majembe.

Sasa tazama leo. Anayefundisha watoto kusoma chini ya mwembe anaitwa mjini, anawekwa hotelini siku tatu, anasomewa slaidi, anasaini karatasi ya posho, anapewa cheti, kwaheri. Nimekaa kwenye semina hizo. Mazungumzo ya maana huwa wakati wa chai: mama mmoja anamweleza mwenzake jinsi kikundi chao kilivyombana mweka hazina aliyekula hela, mwenzake anaandika kwenye kiganja. Mara mwezeshaji anapiga makofi, eti muda umekwisha, turudi ukumbini. Tukasomewe nini? "Uongozi shirikishi."

Mtaniambia wataalamu wanahitajika, na kwamba majirani wanaweza kufundishana hata makosa. Kweli kabisa. Lakini Mtu ni Afya haikuwafukuza wataalamu. Iliwapa kazi yao, wakaandaa vipindi na vijitabu, kisha wakawaachia watu uwanja. Ninachokataa ni mtaalamu kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Na kuna gharama tunayoinyamazia. Anayeongoza kikundi mtaani kwake mara nyingi hana wa kumwambia, "Mwenzangu, nimechoka." Tukishamwita shujaa, tunamnyima hata haki ya kuchoka. Anagombana na mwenyekiti wa mtaa peke yake, anakopa nauli peke yake, anaugua kimyakimya. Siku akihama, kazi inakufa. Mwenzake wa kata ya jirani aliyepita njia hiyohiyo angemsaidia kuliko tuzo kumi, ila hawajawahi kukutanishwa bila mgeni rasmi. Maathai alifariki mwaka 2011 na shirika lake bado linapanda miti. Kwani hiyo ni bahati?

Sisi wasomaji tunahusika, tusijitoe. Hadithi ya mtu mmoja ni rahisi kusimulia, ina mwanzo na kilele, basi tunaipenda, na wenye fedha wanaipenda zaidi. Maathai mwenyewe aliandika kitabu kingine kuhusu mbinu na uzoefu wa Green Belt Movement, ili wengine wajifunze. Wangapi kati yetu wamewahi kukijadili?

Kwa hiyo ukikaa kuandika uhakiki wa kitabu cha mwanaharakati, usiniambie tu alikuwa jasiri. Niambie nani alimfundisha, yeye alimfundisha nani, na alipokwama alibisha hodi kwa nani. Kama kitabu hakijibu, kiulize hadharani. Hapo ndipo uhakiki unapoanza.