Neno la Mhariri: Jaji Ramadhani na Mpaka wa Mahakama

Toleo hili tumelitoa kwa kumbukumbu ya marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, ambaye katika uhai wake alikuwa brigedia wa jeshi, Jaji Mkuu wa Tanzania, na mwishowe kasisi wa Kanisa la Anglikana. Walakini wa kumsifu wapo tele tangu alipofariki mwaka 2020, nasi tumeona afadhali kuirejea hukumu ya Juni 2010, ambayo kwayo yeye na wenzake sita wa Mahakama ya Rufani waliitengua ile haki ya mgombea binafsi aliyoipata Mchungaji Christopher Mtikila katika Mahakama Kuu mwaka 2006.

Hoja yao ilikuwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kubatilisha kifungu cha Katiba kilichopitishwa kwa taratibu zake, na kwamba jambo lenyewe ni la siasa, la kuamuliwa na Bunge. Si hoja dhaifu hata kidogo, kwani jaji hakupigiwa kura na mtu. Tena, wamwitao Ramadhani mwoga hawakuisoma hukumu hadi mwisho, alipomnasihi Mwanasheria Mkuu pamoja na Bunge walitazame upya suala hilo, akiwakumbusha maoni ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Ila ya hoja hiyo iko kwengine. Jaji anapojizuia, hukadiria kuwa yule anayemwachia jambo ataliamua bila ya kujipendelea. Lakini wabunge wote wa majimbo waliingia kwa tiketi za vyama, na ni Bunge lilo hilo ambalo, Jaji Lugakingira alipomruhusu mgombea binafsi mwaka 1994, lilibadili Katiba ili kumzuia. Kulirudishia shauri hili ni kumkabidhi mdaiwa mizani.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kuwa Tanzania imevunja haki ya Mtikila. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, ila hakuketi, maana kanuni humkataza jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao nao haukuwa na mgombea binafsi. Na katika mwaka huo huo Ramadhani, alipoutaka urais, ilimbidi apitie chama, akachukua fomu ya CCM. Chama kilipochuja na kubakisha majina matano, lake halikuwamo, na nje ya vyama sheria haikumwachia pa kuliombea kura.