Aliyechimba Ndiva na Haki ya Maji

Mjini Same, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi inapopita chini ya milima, palikuwa na fundi redio ambaye utotoni nilikuwa nikitumwa kwake na mjomba wangu kupeleka kaseti zilizokatika utepe; na meza yake naikumbuka kuliko uso wake: bisibisi ndogo, chuma cha kuchomea risasi, penseli ya kurudishia utepe, na kaseti zimepangwa migongo nje, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa wino jina la filamu na, ubavuni mwake, jina la mchezaji. Sholay, Amitabh. Yaadon Ki Baaraat, Dharmendra. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba muziki wa kaseti hizo mbili ulitungwa na mtu mmoja, Rahul Dev Burman, na kwamba mtu huyo, wakati sisi tunazisikiliza mpaka utepe unakatika, alikuwa amekaa kwao Bombay akisubiri kazi ambayo haiji.

Burman alizaliwa Calcutta mwaka 1939, mwana wa Sachin Dev Burman, mtunzi mashuhuri kabla yake. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1961, lakini nyota yake iling'aa kwa Teesri Manzil ya 1966, na baada ya hapo kwa takriban miaka 15 hapakuwa na mtayarishaji mwenye fedha aliyetamani kumkosa. Sholay, iliyotoka Agosti 1975, ilionyeshwa katika jumba moja la Bombay kwa zaidi ya miaka 5. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1982 ilitoka Disco Dancer, ambayo muziki wake uliotungwa na Bappi Lahiri ulivuka bahari ukatikisa hata kumbi za kwetu, na watayarishaji wakaanza kutafuta mdundo ule. Burman alipata tuzo ya Filmfare kwa filamu ya 1982 na nyingine kwa filamu ya 1983, lakini tuzo hazikumrudishia soko. Hata Nasir Hussain, aliyefanya naye kazi tangu Teesri Manzil, alipotayarisha Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988 aliwapa muziki vijana Anand na Milind. Mwaka huo huo moyo wa Burman ulipata maradhi. Alifariki tarehe 4 Januari 1994. Miezi michache baadaye ikatoka 1942: A Love Story, watu wakazipapia nyimbo zake kwa shauku kubwa, na tuzo ya Filmfare ikaenda kwa marehemu.

Yako maneno yanayosemwa sana, kwamba hiyo ndiyo dunia, leo kwako kesho kwa mwenzio. Mimi siyakubali, maana yanalifanya kudura jambo lililoandikwa na binadamu katika sheria. Mwaka 1977 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua kwamba mtunzi akishaajiriwa kuitungia filamu, mwenye muziki ule ni mtayarishaji, ila mkataba ukisema vinginevyo. Na mikataba haikuwa ikisema vinginevyo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba, bei ikimwangukia msimu huu, huumia, lakini shamba hubaki lake naye huweza kungoja msimu ujao. Ilhali mtunzi wa filamu aliuza mazao na shamba kwa pamoja, kila mara, kwa hiyo hakuwa na cha kumvusha kiangazi isipokuwa kupata filamu nyingine. Laiti nyimbo za Yaadon Ki Baaraat na Sholay zingemletea mrabaha katika 1988, kuanguka kwake sokoni kungekuwa huzuni ya heshima, si dhiki ya kusubiri hisani. India ilikuja kuirekebisha sheria mwaka 2012, ikampa mtunzi fungu asiloweza kunyang'anywa kwa mkataba. Burman alikuwa ameshafariki miaka 18 kabla.

Sisi Wapare hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na Bombay. Ndiva za milima yetu, yale mabwawa yanayokusanya maji ya mto usiku na kufunguliwa asubuhi yashuke kwa mifereji hadi mashambani, nyingi zilichimbwa na koo, na haikumpitia mzee yeyote akilini kwamba ukoo uliochimba, ukiwa umelegea au umepungukiwa na watu, upoteze zamu yake ya maji. Wengine walikunywa, wakamwagilia, wakashukuru, na mwenye kuchimba akaendelea kujulikana.

Na insafu yanitaka niseme kwamba pwani yetu nayo ilichota katika ndiva ya Wahindi. Taarabu ya Mombasa ya akina Juma Bhalo iliyafuata mahadhi ya filamu hizo kwa ustadi mkubwa, ikayavika mashairi yetu, na haramu siioni katika kupendana kwa sanaa. Ninachokilalamikia ni kulisahau jina. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na tunayo COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyotokana nayo. Basi wenye redio, wenye kumbi na wenye mabasi walipe ada bila kukimbizwa, na mtangazaji anapomtaja mwimbaji amtaje na mtunzi, jambo lisilomgharimu hata senti, awe mtunzi huyo wa Bombay au wa kwaya ya Suji.

Juma lililopita basi liendalo Arusha lilisimama stendi ya Same, na ndani yake ulikuwa ukipigwa wimbo wa Yaadon Ki Baaraat. Kijana mmoja muuza maji alikuwa akiufuatiliza kwa mluzi, kila pindo la sauti mahali pake. Nikamwuliza, "Mwanangu, wimbo huu ni wa nani?"

"Wa Amitabh huo, mzee," akanijibu.

Nikamwambia hapana, mtunzi wake ni Burman. Akalitamka jina hilo mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja, kisha akakimbilia dirisha la basi na chupa zake.